Asali Iliyoganda ya Baba Garam

Ukitaka kujua mambo ya Mama Garam yanakwendaje, usimuulize. Atakwambia hajambo hata kama paa linaungua. Wewe tazama anakula nini. Akiwa na wasiwasi haingizi kitu kinywani, ila anaosha. Anaosha masufuria yaliyo safi, anaosha kizingiti, anaosha mawe ya uani ambayo mvua imeshayaosha. Wasiwasi ukimtoka anaomba wali. Siku tulipomzika mumewe aliosha vyombo vya mtaa mzima na hakuna aliyethubutu kumzuia. Baridi ilipokwisha na nyuki wa marehemu wakatoka kwenye mizinga wakiwa wazima, alikula bakuli la wali lililojaa mpaka juu, akateremshia kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha na pilipili, akasema sasa anaweza kulala. Sisi majirani nasi tukalala.

Huyo mumewe jina lake Ok Pansu, lakini hapa kijijini tulimwita Baba Garam, kwa jina la binti yao wa pekee. Alifuga nyuki wadogo weusi wa mlima wetu huu wa Jiri, si wale wakubwa wa manjano wanaobebwa na malori kufuata maua ya akasia kutoka mkoa hadi mkoa. Mizinga yake ni magogo ya msonobari yaliyotobolewa katikati, kila gogo na kofia yake ya mabua ya mpunga na bamba la jiwe juu, yamepangwa chini ya majabali pale jua la asubuhi linapogusa kwanza. Alikata asali mara moja tu kwa mwaka, umande ulipoanza kuganda kwenye majani ya figili. Alichukua masega ya juu, ya chini akawaachia wenyewe. Watu walimwambia anaacha pesa mle ndani. Akawajibu kwamba yeye wakati wa baridi anakula wali, sasa nyuki wale nini?

Kwa nyuki alikuwa bingwa, kwa kuuza alikuwa hovyo kabisa. Jumapili wanunuzi wa mjini walipanda huku na mitihani yao. Mmoja anadondosha asali kwenye karatasi aone kama italowana. Mwingine anachovya njiti ya kiberiti halafu anaiwasha. Kuna mama mmoja aliyedondosha tone kizingitini akachuchumaa kungoja sisimizi. Sisimizi walipokuja akasema basi ni sukari, na naapa wasingekuja angesema imetiwa dawa. Watu hawa mimi wananitoa roho. Mtu ananunua samaki kwa kumtazama jicho tu, lakini akifika kwenye asali anageuka mpelelezi. Asali ya nyuki wetu ina majimaji kidogo, ukiiweka kwenye joto inatoa povu, ukiiweka kwenye baridi inaganda, mwaka huu laini, mwaka mwingine chenga chenga, na ndani yake utakuta vumbi la maua na pengine mguu wa nyuki. Iko hai, ndiyo maana inabadilika. Baba Garam hata kifuniko cha gudulia hakuwa akikikaza, alikilegeza kidogo asali ipate kupumua. Yote hayo wanunuzi waliyaona ni kasoro.

Naye hakubishana nao. Aliwaambia tu kwamba anayetaka kuijua asali yake aje siku ya kukata, ashike kifukizo cha moshi kwa mkono wake, aone inatoka wapi. Hawakuja. Nyuki wanauma, na watu wa mjini wanapenda kitu cha porini kiwafikie kikiwa kimeshafungwa utepe.

Aliyekuja ni Insop. Kijana wa mjini Sunchon, fundi wa lifti, mama yake ana kinu cha unga wa mchele pale sokoni na anapika mikate ya mchele ya harusi na ya matanga. Garam alimleta nyumbani amwonyeshe kwa wazazi, kijana amevaa shati jeupe na viatu vya kung'aa. Baba Garam hakumuuliza mshahara wala nyumba. Alimpa buti na kofia ya wavu iliyotoboka, akaenda naye kwenye magogo, maana ilikuwa ndiyo siku ya kukata. Nyuki akapita kwenye lile tobo akamuuma ukope. Jicho lilifumba likawa mstari, lakini kijana hakukiachia kifukizo mpaka sega la mwisho lilipotoka.

Waliporudi, mzee alitoa gudulia la mwaka uliotangulia, asali imeganda nyeupe kama samli. Akakwangua kijiko kimoja, akampa Insop mdomoni kama anavyolishwa mtoto mgonjwa. Insop akakinyonya kijiko mpaka kikang'aa, halafu kwa haya akauliza kama kuna kingine. Garam huwa anasema baba yake alimkubali mchumba pale pale, kabla ya mazungumzo yoyote. Jioni ile mzee alijaza gudulia la kioo asali mpya, akalifunga kamba shingoni na kulisogeza nyuma kabisa kabatini.

"Hili lisiguswe," alimwambia mkewe. "La kwenda kwa wakwe."

Baridi ile ile akafa. Alikuwa akifagia theluji juu ya mawe ya mizinga, moyo ukasimama, na Mama Garam alipomfuata na chai alimkuta amekaa ameegemea gogo, ufagio mapajani. Alikuwa kama mtu aliyepumzika.

Harusi ilifungwa mwezi wa nne, maua ya cheri yakipukutika. Kiti cha baba wa bibi harusi kilibaki kitupu, na Mama Garam hakulia. Alijiambia kuwa mzee hakufika ukumbini lakini atafika nyumbani kwa wakwe, ndani ya lile gudulia, kama alivyoagiza mwenyewe. Hilo lilimtuliza, na alikula vizuri siku ile. Mimi niliketi karibu naye nikaona.

Sasa kwetu, maharusi wakirudi safari yao ya fungate hulala kwanza kwa mama wa binti, kisha huenda kwa mama wa mume wakiwa wamebeba chakula kilichoandaliwa na mama wa binti. Wanaume wanadhani ni chakula tu. Mama wa kule atafungua chombo kimoja kimoja mbele ya mashangazi wa ukoo, na kila kifuniko kikifunguka anayetazamwa ni mama wa huku, ingawa hayupo. Baada ya siku chache vyombo vile vile vinarudi na majibu ndani yake, mikate au samaki au matunda, kadiri walivyopendezwa. Chombo hakirudi kitupu. Hilo hakuna anayehitaji kufundishwa.

Asubuhi ya kufunga vyombo, mbavu za ng'ombe zilikuwa zimeiva, samaki wamepangwa, chapati za mayai na maboga ziko tayari, na maharusi bado wamelala. Mama Garam akatoa gudulia kabatini. Asali ilikuwa imeganda, nyeupe juu mpaka chini.

Alijua itaganda. Hakuna mke wa mfuga nyuki asiyejua. Shida haikuwa anachokijua yeye. Shida ilikuwa mashangazi wa Sunchon wanajua nini. Maana miaka michache nyuma mchuuzi mmoja wa bonde letu alinaswa akiwalisha nyuki sukari na kuuza kilichotoka kwa jina la asali ya mlimani. Runinga ikaonyesha ghala lake na magunia yamepangwa mpaka darini. Na unajua alipoulizwa kwa nini asali yake ina chenga alijibu nini? Alijibu kwamba asali halisi huganda. Maneno ya kweli kabisa, mshenzi yule akayachafua. Tangu siku hiyo ukitaja bonde letu mjini watu wanatabasamu, na ukisema asali halisi huganda wanacheka waziwazi.

Kwa hiyo maelezo asingeweza kuyatuma. Angeeleza nini, maneno yale yale ya tapeli? Akawaona mawazoni mashangazi wakiinamia gudulia, mmoja akimfinya mwenzake. Alimwona binti yake akizeeka kwenye nyumba ile akiitwa mtoto wa wale wa sukari. Akaiweka asali mezani, akaenda kuosha masufuria.

Mama Chilsung, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisikia vyombo vinagongana alfajiri akajua kuna jambo. Akaja na mikono nyuma kama mkaguzi, akachungulia gudulia, akasema kwani hiyo ni taabu, ipashe moto, itaachia. Akainjika maji mwenyewe. Wakaliweka gudulia ndani ya sufuria, wakasimama wanatazama, na kweli pembeni mwa kioo weupe ukaanza kuyeyuka, ukawa ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia kuzunguka gudulia zima. Harufu ikapanda. Maua ya mlima mzima yakaingia jikoni, ya majira yote, mpaka Mama Chilsung akafumba macho.

Mama Garam akashtuka. Ikiwa harufu imejaa jikoni, basi imetoka gudulioni, na kule haitarudi. Akalitoa kwa mikono mitupu, vidole vikababuka, akalikumbatia na kitambaa.

"Namchemsha mume wangu," alisema.

Mama Chilsung alizima moto. Kisha akasema basi mwache apoe, lakini shoga yangu, wale watakula kwa macho kwanza, na wewe mtoto umeshamtoa. Akaenda kwake akarudi na asali ya akasia ya kaka yake, anayefuga wale nyuki wa manjano. Nzuri tu, sitaikashifu, safi kama chai na haigandi hata ikikaa mwaka. Wakaimimina kwenye mtungi mweupe wa kauri ambao Mama Garam alirithi kwa mama yake. Ilishuka kama uzi bila kukatika. Wakaufunga mtungi kwa kitambaa cha waridi, na gudulia la Baba Garam likarudi kabatini nyuma ya chupa za sosi ya soya.

Maharusi waliondoka kabla ya saa sita. Insop alibeba vyombo mpaka kwenye gari, na alipofika kwenye mtungi aliuinua kwa mikono miwili, jicho limeshapona zamani, uso umejaa furaha.

"Mama, asali ya baba imo?"

"Asali imo," alijibu Mama Garam.

Gari lilipopinda kona aliona mzigo umeshuka mabegani. Vyombo vyote vilikuwa vizuri, hakuna cha kuchekwa, mtoto amekwenda na heshima yake. Alipika tambi akala, akampigia Mama Chilsung kelele ukutani kumshukuru. Furaha ile haikufika jioni. Alipofungua kabati kuchukua soya, gudulia lilikuwa pale pale limekaa nyuma, na ule ukanda wa kahawia kuzunguka kioo kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko. Akalifunga kabati. Alikuwa amemwacha mume wake nyumbani kwa kumwonea haya, na kijana aliyeuliza kwa moyo mweupe alikuwa amemjibu kijanja.

Hakula tena. Aliosha madirisha, akaosha buti za marehemu, akapanda mpaka kwenye majabali akaosha mabamba ya mawe juu ya mizinga, nyuki wakimzunguka kichwani wasimuume. Mama Chilsung alimletea uji akaukuta asubuhi kama alivyouacha.

Garam alipiga simu baada ya siku kadhaa. Alisimulia jinsi mashangazi walivyosifu mbavu, jinsi samaki walivyogombewa. Mama yake alisikiliza yote huku akingoja moja tu, na lilipokuwa haliji akauliza mwenyewe.

"Na asali? Mama mkwe wako alisemaje?"

"Aliionja."

"Akasemaje?"

"Akanyamaza."

"Akanyamaza vipi?"

"Alinyamaza tu, Mama. Akaufunika mtungi akausogeza pembeni."

Hapo alijua. Mwanamke anayepika mikate ya mchele maisha yake yote anatia asali kwenye kila kitu. Kwake utadanganya macho ya mashangazi, lakini si ulimi wa mwenye kinu. Mama Insop atakuwa ameonja asali ya malori akajiuliza, hawa si walisema wana magogo yao? Kumbe ile aibu aliyoikimbia mlango wa mbele alikuwa ameiingiza mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Na asali ya sukari haikuwako popote, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa na kitu halali kabisa, akajifanya mwizi.

Wiki ikapita, siku ya mapumziko maharusi wakaja na majibu. Walishusha vyombo barazani, kila kimoja na kitambaa chake, na Mama Chilsung naye akatokea kwa sababu ambayo hakuitaja. Mimi pia nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka mboga. Mama Garam akafungua. Kikapu cha juu kilijaa vileja vya asali vya kukaanga, vinang'aa. Sinia la chini mikate ya mchele ya rangi zote, kazi ya mtu anayejua. Kisha samaki wakavu wakubwa, kisha peasi zimefungwa moja moja kwa karatasi. Kila kifuniko kilipofunguka Mama Chilsung alitoa mguno wa kusifu, na Mama Garam akawa anapumua kidogo, kidogo zaidi, mpaka rangi ikaanza kumrudi.

Ukabaki mtungi. Alipouinua kwa kitambaa chake cha waridi mkono ulipanda juu haraka mno, maana haukuwa na uzito. Alijua kabla ya kufungua fundo. Ndani palikuwa peupe, pameoshwa, pamekaushwa, hata harufu hakuna.

Hakuna aliyeguna. Mama Chilsung alitazama miti. Mama Garam aliketi chini na mtungi mapajani, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni haki yake, kwamba asilaumiwe mtu, yeye ndiye aliyetuma asali isiyo ya kwao.

"Mama, subiri," Garam alisema, na Insop alikuwa tayari anabonyeza simu. Kumbe aliagizwa na mama yake apige pindi mtungi ukifunguliwa, si kabla, na asiseme neno. Njia nzima mke wake alimgombeza kwa kukubali sharti la namna hiyo. Akaweka simu mkononi mwa mkwewe. Kwa nyuma kinu kilikuwa kinanguruma, na Mama Insop ni mwanamke anayezungumza kulishinda kinu, kwa hiyo baraza zima tulisikia.

"Mkwe, umeshaufungua?"

"Nimeufungua."

"Mtupu?"

"Mtupu."

"Vizuri. Sasa usilie, nisikilize. Asali yako ni nzuri, sina neno. Nimeitia kwenye vileja, ndivyo hivyo vilivyo mbele yako, kuleni. Lakini akasia mimi naijua hata nikifumba macho, na sikuwa naingoja akasia. Huyu mwanangu, na sasa ni wako pia, tangu alipotoka kwenu jicho limevimba, hana wimbo mwingine. Asali nyeupe, ya kukwangua na kijiko, Baba Garam alinilisha kwa mkono wake. Asubuhi asali, jioni asali. Mpaka nikaona wivu. Nimemngoja huyo mzee afike kwangu, wewe ukaniletea mgeni mwingine."

Mama Garam alifungua kinywa. Kikatoka chote.

"Imeganda, mkwe. Imeganda yote. Niliona haya. Bonde letu mnajua linavyosemwa."

"Wa runinga simjui," Mama Insop alijibu. "Baba Garam namjua. Nimelikanda jicho la mwanangu kwa barafu usiku kucha, huku anacheka. Jaza mtungi huo. Na usije ukaipasha moto ili inipendezee."

Mama Garam akatazama sakafu. "Nilianza kuipasha."

Kinu kiliendelea kunguruma.

"Kiasi gani?"

"Pembeni tu. Nikaitoa."

"Basi hiyo ya pembeni wape mashangazi," alisema Mama Insop, akakata simu, ana wateja.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Chilsung, halafu Garam, kisha Mama Garam mwenyewe akaanza, mtungi unaruka mapajani, machozi yanamtiririka, na hakuna aliyeweza kusema analia au anacheka, wala haikuwa na haja. Insop alisimama katikati ya baraza akifuta paji la uso. Alikuwa ameibeba siri ile kutoka Sunchon na nadhani ilimlemea kuliko vyombo.

Wakaleta gudulia. Asali iliyoganda haimiminwi, kwa hiyo Mama Garam alichukua kijiko kile kile cha siku ya jicho na kuanza kukwangua, Garam ameshika mtungi. Aliingia katikati, kwenye weupe, akauacha ule ukanda ulioyeyuka umesimama peke yake kuzunguka kioo. Kila kijiko kilitoka na sauti ya kusagika, na harufu ilikuwa imo, haikwenda popote, ilikuwa imejificha katikati ikingoja. Karibu na chini walikuta kipande cha sega, kona yake imekatwa mshazari kama mzee alivyokuwa akikata, kisu kikilala. Baba Garam hakuwa akichuja sana. Garam alitaka kukitoa. Mama yake akatikisa kichwa, akakibeba na kijiko na kukiweka juu kabisa ya mtungi, mahali pa kuonekana kwanza.

Mtungi ukajaa. Garam akaweka kifuniko na kukikaza kwa nguvu zake zote, safari ni ndefu na barabara ina kona.

"Legeza," alisema mama yake. "Baba yako hakuwa akikaza."

Garam akalegeza. Insop akaupokea mtungi kwa mikono miwili, na safari hii hakuuliza kilichomo.

Kijiko kilibaki mkononi mwa Mama Garam, kimepakwa weupe mgongoni. Tangu mumewe afe alikuwa hajaionja asali yake hata kwa ncha ya ulimi. Alikitia kinywani, akasimama pale pale amefumba macho, na sote tukamtazama, maana tulidhani sasa ndipo atalia kwelikweli. Kilipotoka kijiko kilikuwa kinang'aa.

"Garam," alisema, "nipakulie wali. Lile bakuli kubwa."